Sura ya Sita: Fani Mkononi, Elimu Kichwani

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, nyumba nyingi za Misunkumilo, Mpanda, huingia kwenye mjadala mmoja. Kijana amefaulu, dirisha la maombi ya vyuo vikuu liko wazi, na kila mwenye sauti katika ukoo ana neno la kusema. Baba mdogo anataka udaktari. Shangazi anapendekeza uhasibu, maana hakuna ofisi isiyohitaji mhasibu. Mjomba aliyeko Sumbawanga anapiga simu kusisitiza uhandisi. Wote wanauliza swali moja: kozi gani ina ajira?

Ni swali la haki. Familia iliyouza mahindi na mpunga ili kulipia ada na nauli ina kila sababu ya kutaka kujua miaka mitatu au mitano ya chuo itaishia wapi, na kijana anayelidharau swali hilo halijui jasho lililomsomesha. Hatari iko kwingine. Swali la ajira likiachwa peke yake, humfikisha mwanafunzi chuoni akiwa ameshaamua, kabla hajakaa kwenye kipindi hata kimoja, kwamba kila somo lisilobeba jina la kazi yake ni mzigo wa kutuliwa haraka. Wa udaktari anaingia kwenye kipindi cha sosholojia huku akili ameiacha maabara. Wa sheria anaikimbia takwimu. Wa uhandisi anaisoma historia usiku wa kuamkia mtihani, apate alama za kumvusha, kisha asiifikirie tena maisha yake yote.

Sura hii inapinga uamuzi huo. Mafunzo ya fani hukufundisha namna ya kufanya kazi. Masomo ya sanaa na sayansi hukuwezesha kuielewa kazi yenyewe: nani anaihitaji, imetokana na nini, na itaacha nini nyuma yake. Mtaalamu aliyeikosa nusu hiyo ya pili anaweza kufaulu mitihani yote na kusajiliwa na bodi yake, kisha akafika mkoani Katavi akashindwa kazi, na watakaoilipa gharama ya kushindwa kwake ni wananchi.

Ushahidi uko karibu. Reli inayoingia Mpanda kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Miaka kumi baadaye mgodi ulifungwa. Kwa hesabu za mhandisi aliyepewa kazi ya kusafirisha risasi, reli hiyo ilikuwa imemaliza kazi. Lakini watu wa Mpanda walikuwa wameshaifanya yao: ikabeba abiria, mahindi na tumbaku, na mji ukaendelea kukua kandokando yake. Mhandisi aliyesoma historia ya uchumi huijua mapema hali hiyo, kwamba njia iliyojengwa kwa ajili ya bidhaa moja huja kutegemewa na watu ambao hawakuwamo kwenye mpango. Ambaye hakuisoma atakadiria mzigo wa madini na kuwasahau abiria.

Malale na historia yake

Chukua ugonjwa wa malale. Mwanafunzi wa udaktari au wa tiba ya mifugo hufundishwa kwamba huletwa na kimelea kinachoenezwa na mbung'o, kwamba kimelea cha upande wetu wa Afrika huishi pia ndani ya wanyamapori na ng'ombe, na kwamba mgonjwa asipotibiwa mapema ugonjwa hufika kwenye ubongo. Hufundishwa dalili, vipimo na dawa. Yote hayo ni ya lazima, na hakuna mgonjwa atakayepona bila mtu anayeyajua.

Sasa muulize mwanafunzi huyo kwa nini mbung'o waliitawala magharibi ya Tanganyika kwa kiasi kile karne iliyopita, wakati Wakonongo, Wapimbwe na Wabende walikuwa wameishi katika nchi hiyohiyo kwa vizazi vingi. Jibu haliko kwenye kitabu cha vimelea. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki. Ndui, njaa na vita vya kuingia kwa ukoloni vikaongeza maafa. Watu walipungua, wengine wakahama, na ardhi iliyokuwa ikilimwa, ikichungwa na kuchomwa moto kwa utaratibu ikarudi kuwa vichaka. Vichaka ndiyo makazi ya mbung'o. John Ford, mwanasayansi aliyepambana na mbung'o kwa miaka mingi, aliueleza uhusiano huo katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus akaujengea hoja pana ya historia ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Wote wawili walionyesha kwamba wenyeji walikuwa na mbinu zao za kuwadhibiti wadudu hao, na kwamba misukosuko ya mwishoni mwa karne ya 19 ndiyo iliyozivunja.

Serikali ya Waingereza ilipoanza kupambana na malale, tangu miaka ya 1920, iliwatoa watu wa magharibi kwenye vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi maalumu. Kwa daktari wa serikali lilikuwa jambo la afya. Kwa mfugaji nyuki wa Ukonongo lilikuwa jambo la mizinga iliyobaki msituni, mbali na alikohamishiwa, na makaburi ya wazazi wake yaliyobaki bila mtu wa kuyatunza. Baadhi ya mapori yaliyoachwa wazi yalitengwa baadaye kuwa hifadhi za misitu na wanyama. Kwa hiyo mgogoro wa mpaka kati ya kijiji na pori la akiba, unaoletwa leo mezani kwa afisa wanyamapori, unaweza kuwa na mizizi katika uhamisho uliofanywa kwa jina la tiba kabla baba yake hajazaliwa.

Afisa anayefika Inyonga au Mpimbwe akiwa anajua upande mmoja tu wa habari hii atashangaa kuona wazee wananyamaza anapotangaza mpango wa kuwahamisha watu kwa faida yao. Atawaita wagumu wa kuelewa. Wao wanaelewa vizuri sana, kwa sababu wanaikumbuka habari ambayo yeye hakufundishwa, au alifundishwa akaiona haina faida.

Mtaa wa Lumumba, 1961

Tanzania ilikutana mapema na uamuzi huu wa kuchagua kati ya fani peke yake na fani yenye elimu pana. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango yake kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 na kitivo kimoja, cha Sheria. Udaktari ulikuwa ukifundishwa Makerere na uhandisi Nairobi, lakini Afrika Mashariki haikuwa na chuo kikuu cha kuwafundishia wanasheria wake.

Chuo kilichoanza na fani moja kingeweza kubaki shule ya mawakili. Walimu wake wa mwanzo hawakukubali. Miongoni mwao walikuwa William Twining, Patrick McAuslan na, kuanzia mwaka 1963, Yash Ghai wa Kenya. Walikuta vitabu vya sheria vimeandikwa kwa ajili ya Uingereza, huku wanafunzi wakitoka katika nchi ambayo sheria za mila, sheria za Kiislamu na sheria za kikoloni zilitumika kwa pamoja. Kumkaririsha mwanafunzi hukumu za majaji wa London kusingemsaidia kuielewa kesi ya shamba la Ufipa. Wakaanza kuifundisha sheria pamoja na mazingira yake: historia iliyoizaa, uchumi unaoitumia na watu inaowaangukia. Twining aliporudi Uingereza aliendelea na wazo hilo, nalo likawa mkondo unaotambulika katika ufundishaji wa sheria. Walioulea mapema ni pamoja na darasa dogo la Dar es Salaam.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kilianza mwaka huohuo na cha Sayansi mwaka uliofuata, kwa hiyo mwanafunzi wa sheria akawa anaishi bweni moja na mwenzake wa historia na yule wa fizikia. Walter Rodney, aliyefundisha historia hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na kurudi mwaka 1969 hadi 1974, hakuwa mwalimu wa wanafunzi wa historia peke yao. Kitabu chake cha mwaka 1972, kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha nyuma Afrika, kilibishaniwa na watu wa vitivo vingi.

Mmoja wa waliohitimu sheria katika mazingira hayo, mwaka 1970, ni Issa Shivji. Aliandika juu ya matabaka, uchumi na dola, mambo ambayo wakili wa mazoea angesema si yake. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alipounda Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake alikuwa Shivji. Tume ilizunguka mikoani ikiwasikiliza wanavijiji kwenye mikutano ya hadhara. McAuslan, aliyekuja Dar es Salaam kijana kuanzisha kitivo, alirudi miaka ya 1990 kuandaa rasimu iliyozaa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Mwalimu na mhitimu hawakukubaliana. Shivji alitaka ardhi ya wananchi iondolewe mikononi mwa serikali kuu, ilhali sheria iliiacha chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi wote. Ubishi wao uliandikwa kwa lugha ya vifungu, lakini ulisimama juu ya historia ya ukoloni, uchumi wa kijiji na swali la falsafa kuhusu nani mwenye haki juu ya kitu asichokitengeneza binadamu.

Ubishi huo unafika Katavi. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza maelfu ya watu kuja Tanzania, na makazi ya Katumba yakafunguliwa kwa ajili yao, kisha Mishamo. Watoto walizaliwa huko, wakalima tumbaku na mahindi, wakazaa watoto wao. Wakimbizi zaidi ya 160,000 wa makazi ya zamani, pamoja na ya Ulyankulu huko Tabora, walipewa uraia, na vyeti vyao vilianza kugawiwa mwaka 2014. Aliyekuwa mkimbizi kwenye eneo la makazi akawa raia, na hadhi ya ardhi aliyoilima kwa miaka 40 ikawa swali. Mwanasheria wa halmashauri anayeletewa shauri la shamba la Katumba anahitaji vifungu vya sheria, tena avijue barabara. Asipoijua habari ya 1972, atavitumia vifungu hivyo bila kuelewa anachokiamua.

DS kwa kila kitivo

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, chuo kiliitisha mkutano mwezi Machi kujadili nafasi yake katika nchi inayojenga ujamaa. Kutokana na mijadala ya kipindi hicho likapatikana somo la pamoja: kila mwanafunzi, awe wa kitivo gani, asome habari za jamii, uchumi na historia ya maendeleo. Mwaka 1973 somo hilo likapata nyumba yake, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, mwaka uleule Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa. Wanafunzi hulitaja kwa herufi mbili tu, DS, yaani Development Studies, na mpaka leo linafundishwa hata kwa wanafunzi wa udaktari wa Muhimbili.

Wazo lilikuwa sahihi na nalitetea bila kusita. Nchi maskini iliyokuwa ikigharimia elimu ya daktari mmoja kwa kodi ya wakulima wengi ilikuwa na haki ya kumtaka daktari huyo awajue wakulima hao. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Mara nyingine somo lilifundishwa kama mahubiri ya siasa, mwanafunzi akajifunza kurudia maneno yanayotakiwa badala ya kufikiri. Baadaye wingi wa wanafunzi ukaleta kasoro nyingine. Mhadhiri mmoja akisimama mbele ya mamia ya wanafunzi wa fani mbalimbali, hawezi kumpa kila mmoja mfano unaomgusa. Wanafunzi nao wakazoea madesa, yale makaratasi yanayorithishwa mwaka hadi mwaka, na somo lililokusudiwa kuwafungua macho likawa jambo la kukariri kwa wiki mbili.

Dawa ipo na haihitaji fedha nyingi. DS ya Muhimbili ichambue historia ya malale na ya kipindupindu. Ya wahandisi ichambue reli ya Mpanda na mabwawa ya umeme. Ya wanasheria ichambue Katumba. Mwanafunzi akiona kazi yake ya kesho ndani ya historia, hatauliza tena somo hili ni la nini.

Walimu wanaonyesha njia

Kuna fani moja nchini ambayo kwa miaka mingi imeendesha mambo haya mawili pamoja, nayo ni ualimu. Anayesoma Shahada ya Sanaa na Elimu, au ya Sayansi na Elimu, hubeba masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano historia na Kiswahili, au kemia na biolojia, na papo hapo husoma saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha na upimaji. Kisha huenda kwenye mazoezi ya kufundisha shuleni. Maarifa ya somo na ufundi wa kazi hupishana wiki kwa wiki katika miaka yote mitatu.

Angalia njia hiyo imezaa nini. Euphrase Kezilahabi alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970 akiwa ameandaliwa kuwa mwalimu, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Rosa Mistika ikachapishwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949 kusoma shahada ya sanaa iliyochanganya historia, uchumi, fasihi na falsafa. Cheti cha ualimu kilikuwa tayari kinampa kazi. Alichokwenda kukitafuta ni upana, na aliyefaidi upana huo ni nchi nzima: wananchi waliomsikiliza akiufafanua uchumi kwa maneno yao, na wasomaji wa Juliasi Kaizari, tamthilia aliyoitafsiri mwaka 1963 akiwa Rais.

Ualimu una somo la kuwafundisha wengine: upana si anasa ya baada ya kazi. Mwalimu wa kemia asiyejua mtoto hujifunza vipi hafundishi, na mwalimu aliyebobea katika mbinu bila kuijua kemia yenyewe ana mbinu za kufundisha utupu.

Sayansi kwa watu wa sanaa

Mpaka hapa nimewasukuma zaidi watu wa sayansi kuelekea sanaa. Deni liko pande zote mbili. Anayetoka tahasusi ya HGL au HKL, akasoma sheria, utawala au maendeleo ya jamii, mara nyingi huagana na sayansi moja kwa moja akiwa na miaka 16, tena kwa furaha.

Mfano wa hatari ya kuagana huko uko kwenye machimbo madogo ya dhahabu yanayozunguka Mpanda. Wachimbaji wengi hukamata dhahabu kwa zebaki. Mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki, dhahabu inashikamana nayo, kisha donge linachomwa, zebaki inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke huo hauonekani na unavutwa na aliye karibu, mara nyingi mama aliye na mtoto mgongoni. Zebaki inayoshuka kwenye maji hugeuzwa na vijidudu kuwa aina nyingine iliyo mbaya zaidi, inayoingia kwa samaki na kutoka kwa samaki kuingia kwa mlaji. Dunia iliujua ukatili wa aina hiyo mwaka 1956 huko Minamata, Japani, ambako maji machafu ya kiwanda yalikuwa yameingia baharini kwa miaka na wavuvi na watoto wao wakaharibika mishipa ya fahamu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Nani atautekeleza Katavi? Afisa maendeleo ya jamii anayekutana na vikundi vya akina mama wachimbaji, mwanasheria anayeandika sheria ndogo, mtendaji wa kata anayepokea malalamiko. Wote hao ni watu wa sanaa kwa mafunzo. Kemia wanayoihitaji ni ya muhula mmoja, lakini bila hiyo watasoma waraka wa wizara na kuupokeza bila kuweza kumjibu mchimbaji anayeuliza: hii zebaki naishika kila siku kwa mkono, mbona sijafa?

Kwa upande wa nyuki hali ni hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, sasa kina kampasi ndani ya mkoa wetu, inayobeba jina la Mizengo Pinda, na miongoni mwa yanayofundishwa hapo ni usimamizi wa rasilimali za nyuki. Pinda mwenyewe alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1974, akawa Waziri Mkuu mwaka 2008, na wakati wote huo akajulikana kwa ufugaji nyuki kuliko mawakili wote nchini. Mhitimu wa nyuki anahitaji botania ya miombo ili ajue mti gani unachanua lini, kemia ili ajue asali imeharibikia wapi, uchumi ili ajue kwa nini bei ya mnunuzi wa Inyonga si bei ya Dar es Salaam, na historia ya Ukonongo ili ajue msitu anaouita wa serikali uliitwa nini na wenyeji wake.

Wala fani haimzuii mtu kuchangia sayansi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa yaliyoingizwa kwenye friza yakiwa moto yaliwahi kuganda. Wenzake walimcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam aliyekuja kuitembelea shule. Osborne alilichukulia swali kwa uzito, akalijaribu maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpemba alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka na kuifanya kazi hiyo serikalini. Jina lake linatajwa katika vitabu vya fizikia duniani kote.

Pingamizi zenye uzito

Wapo watakaosema huu ni ushauri wa watu wenye nafasi. Mwanafunzi anayeishi kwa boom, na Bodi ya Mikopo ikichelewa halali usingizi, hana muda wa falsafa. Nakubali ugumu huo upo. Lakini tazama hesabu. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu nchini ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi, yaani saa 3,600 kwa jumla. Kozi moja ya hiari yenye krediti 10 inachukua saa 100. Hakuna fani inayoharibika kwa kutoa saa 100 kwa historia au kwa takwimu, na mara nyingi krediti hizo za hiari zimo tayari kwenye mtaala, zikisubiri uchaguzi wa mwanafunzi. Tatizo ni kwamba wengi huzichagua kwa kuuliza nani anatoa alama kirahisi.

Wengine watasema mwajiri haulizi ulisoma sosholojia. Ni kweli, kwenye tangazo la kazi haiulizwi. Huulizwa kazini, siku mradi unapokwama kijijini na mkuu wa idara anatafuta mtu atakayekwenda kuongea na watu akaeleweka, kisha akarudi na kuandika ripoti inayosomeka. Vyuo vya Marekani vinavyofundisha udaktari vimeliona hilo: tangu mwaka 2015 mtihani wa kuomba nafasi katika vyuo hivyo una sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia. Huko Ghana, Chuo Kikuu cha Ashesi, kilichoanzishwa mwaka 2002, huwataka wanafunzi wake wa uhandisi na wa biashara wasome pia masomo ya jamii na maadili.

Hata kwetu mlango umeanza kufunguka. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za Kidato cha Tano na cha Sita, zikiwemo zinazochanganya masomo ambayo zamani hayakukaa pamoja. Mlango ukifunguka sekondari, vyuo vikuu havina sababu ya kuufunga.

La kufanya

Kijana wa Misunkumilo, chagua fani, na uichague kwa kuangalia ajira. Usione aibu kwa hilo. Kisha, kabla ya kuthibitisha chuo, usiishie kwenye jina la shahada. Omba mtaala, tazama kozi za hiari, angalia kama chuo kinakuruhusu kuchukua kozi kutoka idara nyingine. Vyuo viwili vinaweza kutoa shahada yenye jina moja na elimu mbili tofauti.

Ukifika, chagua katika kila mwaka kozi moja iliyo mbali na fani yako. Kama wewe ni wa sayansi, anza na historia ya Tanzania au uandishi. Kama ni wa sanaa, anza na takwimu, maana bila takwimu utadanganywa na kila ripoti utakayopewa. Kozi hiyo isome kwa bidii uliyoiweka kwenye kozi za fani, na ukae na wanafunzi wa idara hiyo kwenye vimbweta, uwasikilize wanavyobishana. Kama ratiba haina nafasi, omba ruhusa ya mhadhiri ukae darasani bila kufanya mtihani. Hudhuria mihadhara ya wazi. Kwa anayesoma Mlimani, Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa mwaka 2008, kimekuwa na mijadala ambayo haitozi kiingilio.

Ukienda field, nenda na swali moja lisilo la fani yako. Mwuguzi aulize kwa nini wanawake wa kijiji hiki wanachelewa kufika zahanati. Mpima ardhi aulize mipaka ya zamani iliwekwa na nani. Andika majibu kwenye daftari, utayahitaji siku utakaporudi ukiwa mtumishi.

Aliyekwisha kuajiriwa naye hajachelewa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejengwa kwa ajili ya anayesoma huku anafanya kazi. Mhasibu wa Mpanda anayesoma historia au isimu usiku hajapotea njia.

Na kwako mzazi: endelea kuuliza kozi gani ina ajira, kisha ongeza swali la pili. Muulize mwanao atasoma nini kitakachomsaidia kuwaelewa watu atakaowahudumia. Katavi imekuwa mkoa tangu mwaka 2012, na bado inajengewa hospitali, mahakama, barabara na shule zake. Wataalamu itakaowapata katika miaka ishirini ijayo ndio watakaoamua mkoa huu utakuwa wa namna gani, na wengine wao wako leo kwenye madarasa ya Misunkumilo. Wapelekeni chuo wakapate kazi, na muwadai warudi na elimu.